Mimba ya Farasi na Punda Chini ya Mlima Meru

Farasi jike hubeba mimba kwa takriban siku 340, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwili wake hausemi lolote. Tumbo halijajaa, kiwele hakijavimba, na ulaji haubadiliki kiasi cha kumshtua mtunzaji. Ng'ombe aliyepandwa akashika mimba kwa kawaida haonyeshi joto tena, na mfugaji hupata dokezo hapo. Kwa farasi dokezo hilo haliaminiki sana. Wako wenye mimba ambao huonyesha joto, na wako wasio na mimba ambao joto lao hupotea kwa wiki nyingi kwa sababu uvimbe mdogo wa ovari unaotoa homoni ya projesteroni haukunywea kwa wakati wake. Punda humtatiza mfugaji zaidi, maana mimba yake hufika siku 365 hadi 380 na muda wote huo yuko kazini, mizigo mgongoni. Katika nchi inayouzunguka Mlima Meru, kutoka Oldonyosambu hadi Ngarenanyuki, na kutoka Kisongo hadi Usa River, swali la kama jike ana mimba limejibiwa kwanza kwa jicho, baadaye kwa mkono, na mwishowe kwa tone la damu.

Punda alifika kabla ya farasi kwa muda mrefu sana. Ufugaji wake ulianza kaskazini-mashariki mwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, na wafugaji walioteremka kusini na ng'ombe wao walikuja naye. Kwa Wamasai wa nyanda za Longido na Monduli yeye ni mnyama wa kuhama na wa kuteka maji: hubeba ngozi, vibuyu, na magunia, na boma zima likihama huenda mbele ya mifugo mingine. Waarusha, waliotoka Arusha Chini na kufika miteremko ya kusini-magharibi ya Meru miaka ya 1830, walikuwa wakulima zaidi kuliko majirani zao, lakini waliendelea kuwa pamoja nao kwa lugha, kwa marika na kwa biashara, na punda akawa sehemu ya maisha ya mlimani pia. Hadi leo njia za kuelekea Ngaramtoni hujaa punda waliobeba mahindi, majani ya ng'ombe na madumu ya maji.

Kwa Wamasai punda ni mnyama wa wanawake. Ndio wanaomfunga mizigo alfajiri na ndio wanaokwenda naye kisimani, na kwa hiyo elimu ya mimba ya punda imekuwa mikononi mwao. Punda jike aliye kwenye joto hana siri: hunyoosha shingo, hulaza masikio nyuma, na hufungua na kufunga kinywa upesi upesi kana kwamba anatafuna hewa, mate yakimtoka. Hali hiyo hurudi baada ya siku 23 au 24. Isiporudi, mwenye jicho huanza kuhesabu. Miezi mingi baadaye mkanda wa mzigo huhitaji kulegezwa kidogo upande wa chini wa tumbo. Siku chache kabla ya kuzaa, vitone vinavyofanana na nta huganda kwenye ncha za chuchu. Elimu hii ni ya kweli, na daktari yeyote wa mifugo angekubali kila dalili iliyotajwa. Upungufu wake ni kwamba haina jibu la uhakika katika miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi ambayo jike hukaziwa mzigo kama kawaida na kuharibu mimba bila mtu kujua kwamba ilikuwepo.

Farasi aliletwa na wageni, na nchi ikamkataa. Wajerumani walijenga boma lao la Arusha karibu na mwaka 1900 na wakajaribu kusafiri na kulima kwa wanyama waliowazoea. Maradhi mawili yaliwazuia. La kwanza ni nagana, iletwayo na mbung'o wa vichaka vya tambarare. La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao humjaza mnyama maji kwenye mapafu hadi povu likamtoka puani, na ukamuua katika siku chache. Watu wa wakati huo walijua kwamba farasi aliyeingizwa bandani kabla ya jua kuzama huponyoka mara nyingi zaidi, na kwamba nchi ya juu yenye baridi ni salama kuliko bondeni. Kwa nini iwe hivyo hawakujua. Ilibidi kungoja hadi 1944 ndipo mtafiti du Toit wa Afrika Kusini aonyeshe kwamba virusi vya ugonjwa huo hubebwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma wakati wa giza.

Punda milia alionekana kuwa jawabu. Aliishi kwa maelfu katika tambarare za kati ya Meru na Kilimanjaro, na mbung'o wala usubi hawakumdhuru. Ofisa wa zamani wa jeshi la Kijerumani, Bronsart von Schellendorff, aliwaswaga makundi mazima hadi ndani ya mazizi makubwa, akitumaini kuwafundisha kuvuta magari na kuwapandisha kwa farasi na punda ili kupata chotara mwenye nguvu na kinga. Mradi haukudumu. Punda milia waliokamatwa walikufa wengi, na waliobaki hawakufaa kazi ya siku nzima. Wazo lenyewe halikufa, maana Raymond Hook, mlowezi wa Nanyuki upande wa Kenya, baadaye alizalisha chotara wa punda milia na farasi kwa ajili ya kupandisha mizigo Mlima Kenya.

Kati ya 1904 na 1906 Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza waliruhusiwa kukaa kaskazini ya Meru, kuelekea Oldonyosambu na Ngarenanyuki. Walikuja na magari ya kukokotwa na maksai, na farasi wa kupanda. Baadhi yao walihamia Kenya baadaye. Mwaka 1907 alifika Margarete Trappe, mwanamke wa Kijerumani aliyeweka shamba Momella, chini ya uso wa mashariki wa mlima, akafuga ng'ombe na farasi na kuwa mwindaji mwenye jina. Shamba la Momella lilikuwa mahali pazuri kwa farasi kwa sababu ya urefu wake kutoka usawa wa bahari na ubaridi wake. Hata hivyo mashamba ya namna hiyo yalikuwa machache, na farasi wengi waliopandwa Arusha waliletwa kutoka nje badala ya kuzaliwa hapo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliizunguka Kilimanjaro na kuingia Arusha, na mwanzoni mwa Aprili kikosi cha askari wapanda farasi cha Jenerali van Deventer kilitoka Arusha kwenda Kondoa Irangi, katikati ya masika, wakati mbaya kwa usubi. Walichukua mlima wa Lolkisale wakiwa njiani na wakafika Kondoa kabla ya mwisho wa Aprili, lakini mamia ya farasi walibaki njiani wakiwa mizoga. Huo ulikuwa mwanzo tu. Katika miezi miwili, kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki lilipoteza farasi wapatao 10,000, baghala 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Baghala ni chotara wa punda dume na farasi jike, mnyama wa mizigo aliyependwa na majeshi yote ya wakati huo. Wanyama walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa watu. Wapagazi walichukuliwa vijijini kwa nguvu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Historia ya farasi wa Arusha haiwezi kuandikwa kwa haki bila kuwataja.

Ndiyo sababu elimu ya mimba ya farasi haikukua Arusha wakati huo. Mahali ambapo farasi hufa kabla ya kuzaa, hakuna anayehitaji kipimo cha mimba.

Elimu hiyo ilizaliwa kwingine, na ilizaliwa kwa ghafla. Mwaka 1927 na 1928 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, wakifanya kazi Berlin, walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito ukidungwa kwa panya wachanga wa kike huamsha ovari zao katika siku chache. Panya alipasuliwa, ovari zikatazamwa, na vidoa vyekundu vya damu juu yake vikawa ndiyo jibu. Zondek akaugeukia mkojo wa farasi. Mwaka 1930 alitangaza kwamba farasi jike mwenye mimba hutoa estrojeni kwenye mkojo kwa wingi usiowahi kuonekana kwa mnyama mwingine. Mwaka 1934, akiwa tayari amefukuzwa kazi na utawala wa Hitler kwa kuwa Myahudi, alitoa habari nyingine iliyowashangaza wataalamu: mkojo wa farasi dume nao umejaa estrojeni. Mwaka huohuo wa 1934, nchini Italia, Cuboni alibuni njia iliyomwondoa panya katika kazi. Mkojo wa farasi ulichemshwa na asidi, ukatikiswa na benzini, kisha asidi ya salfa ikaongezwa. Mnyama akiwa na mimba, tabaka la chini la chupa lilitoa mng'ao wa kijani likielekezwa kwenye mwanga. Kipimo hiki kilihitaji jiko, chupa na uangalifu wa mikono tu. Udhaifu wake ni kwamba hakikufaa kabla ya mimba kufikisha miezi minne au mitano.

Upande wa pili wa dunia, chuoni Davis katika jimbo la California, Harold Cole na George Hart waliitazama damu badala ya mkojo. Mwaka 1930 walieleza kwamba majimaji ya damu ya farasi jike, yakichukuliwa tangu kama siku ya 40 baada ya kupandwa, huwabalehesha panya wachanga kabla ya wakati wao. Kabla ya siku hiyo damu haikuwa na nguvu hiyo, na baada ya mwezi wa nne ikaipoteza tena. Kulikuwa na homoni inayokuja kwa kipindi na kuondoka, na mpaka leo vipimo vya mapema vya mimba ya farasi kwa damu vimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Asili ya homoni hiyo ilichukua miaka mingine zaidi ya 40 kueleweka. Mwaka 1943 Cole na mwenzake Goss waliifuatilia hadi kwenye vijikombe vinavyoota ndani ya mji wa mimba, vikiwa vimepangika kwa duara kuzunguka mahali mimba ilipokaa. Wengi walidhani vijikombe hivyo ni nyama ya mama. Mwaka 1972 W. R. Allen na R. M. Moor, waliofanya kazi Cambridge, walithibitisha kwamba ni nyama ya mtoto: karibu na siku ya 36, chembe kutoka kwenye utando wa kiinitete hujitenga, huuvamia ukuta wa mji wa mimba na kujichimbia humo. Kinga ya mwili wa mama huzishambulia kama mgeni yeyote, na ifikapo mwezi wa nne zinakuwa zimekufa zote. Mtoto, kwa maneno mengine, hutuma ujumbe wake mwenyewe kwenye damu ya mama, na ujumbe huo una ukomo.

Kwa kuwa chembe ni za mtoto, baba naye ana sauti. Allen alionyesha mwaka 1969 kwamba farasi jike aliyebeba mimba ya farasi dume huwa na homoni hiyo kwa wingi, lakini akibeba mimba ya punda dume, yaani mimba ya baghala, kiwango hushuka sana. Punda jike mwenye mimba ya punda mwenzake hutoa kiasi cha wastani, chini ya kile cha farasi. Akipandwa na farasi dume, kiwango hupaa mno. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ya Meru, ambako kwa kila farasi mmoja wapo punda wengi. Kipimo kilichotengenezwa Ulaya au Marekani na kupangwa kwa kiwango cha farasi kinaweza kumwambia mwenye punda kwamba jike wake ni mtupu wakati si kweli.

Kuanzia miaka ya 1960 panya wa maabara walianza kupumzishwa. Mwaka 1960 Wide na Gemzell walitumia kingamwili kupima mimba ya binadamu kwenye bomba la kioo, na katika muongo huohuo njia hiyo ikaletwa kwa farasi. Chembe nyekundu za damu ya kondoo zilipakwa homoni, zikachanganywa na kingamwili na majimaji ya damu ya jike anayepimwa. Mnyama akiwa na mimba, homoni yake hushika kingamwili zote na chembe huteremka chini zikawa pete safi chini ya bomba. Asipokuwa nayo, chembe hushikamana na pete haionekani. Jibu lilipatikana baada ya saa chache badala ya siku nne au tano. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya vipimo vya ukanda kuingia madukani kwa ajili ya wanawake, mbinu ileile ikawafikia madaktari wa mifugo.

Ukanda wenyewe ni kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole, kimefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye kitundu. Tone la damu iliyotulizwa, au majimaji yake, huwekwa kwenye kitundu na kufuatiwa na dawa ya kuyasukuma. Majimaji hupanda taratibu juu ya utando mweupe, yakizoa njiani chembe ndogo mno za dhahabu zilizovikwa kingamwili, na hizo ndizo zinazoleta rangi ya waridi. Mstari wa kwanza hushika dhahabu iliyobeba homoni. Mstari wa pili hushika dhahabu yoyote, kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Dakika chache zinatosha, na hakuna umeme wala jokofu linalohitajika wakati wa kupima. Kwa daktari aliyetoka Arusha mjini kwenda shamba la Ngarenanyuki kwa barabara ya vumbi, hiyo ni faida kubwa.

Kipimo cha mimba cha binadamu kinachouzwa kwenye maduka ya dawa hakimfai farasi wala punda. Kinatafuta homoni ya kondo la binadamu, na wanyama hawa hawana homoni hiyo katika hatua yoyote ya mimba. Mstari mmoja utakaoonekana hausemi lolote kuhusu tumbo la jike.

Hata kipimo sahihi kina mipaka yake, na inafaa ijulikane na kila anayekitumia. Homoni ya vijikombe hupimika kati ya takriban siku ya 40 na ya 120. Kiinitete kikifa baada ya vijikombe kuota, vijikombe vitaendelea kutoa homoni kwa wiki nyingi, na ukanda utaonyesha mimba ambayo haipo tena. Kwa hiyo hutumika kipimo cha pili, cha estroni salfeti, ambayo huongezeka baada ya mwezi wa tatu na hutegemea kijusi kilicho hai. Malighafi ya homoni hii hutoka kwenye tezi za uzazi za kijusi chenyewe, na tezi hizo hukua kupita kiasi: ifikapo karibu mwezi wa saba huwa kubwa kuliko ovari za mama, kisha hunywea kabla ya kuzaliwa. Kijusi kikifa, estroni salfeti hushuka upesi. Vipimo vyote viwili haviwezi kutambua mapacha, na mapacha ni hatari kwa farasi, kwani mara nyingi mimba yao huharibika. Hilo huonekana kwa ultrasaundi, ambayo Palmer na Driancourt wa Ufaransa walieleza matumizi yake kwa farasi mwaka 1980. Pale penye mashine na mtu anayeijua, hiyo ndiyo njia bora ya siku za mwanzo.

Wakati sayansi hii ikikua, ardhi ya Meru ilikuwa na mgogoro mwingine. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki na Leguruki ili kupisha mashamba ya mifugo ya walowezi wachache. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Kirilo Japhet alipeleka malalamiko ya watu wake Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ufugaji wa kisasa unahitaji mikono ya Wazungu. Miaka iliyofuata iliibatilisha hoja hiyo kabisa, kwa kuwa Wameru na Waarusha, wakiwa na vishamba vidogo vya migomba na kahawa, wakawa wafugaji hodari wa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hufungiwa ndani, majani hukatwa na kuletwa, na maziwa huuzwa mjini kila asubuhi.

Ni kwa ng'ombe hao elimu ya homoni iliposhika mizizi Arusha. Tengeru kuna chuo cha mifugo. Mbele kidogo, Usa River, ipo NAIC, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, ambako madume bora hufugwa, mbegu zao hukusanywa na kugandishwa katika naitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha husambazwa nchini. Mhimilishaji anayetoa huduma kijijini hukabiliwa na swali lile la zamani. Akimhimilisha ng'ombe leo na asishike, siku 21 zimepotea. Asipogundua kwa miezi mitatu, mfugaji amelisha mnyama mtupu na hana maziwa mbele yake.

Njia iliyozoeleka ni mkono. Mpimaji huvaa glovu ndefu inayofika begani, huipaka mafuta, huingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na kupapasa mji wa mimba kupitia ukuta laini wa utumbo. Mwenye uzoefu hutambua mimba ya ng'ombe ya miezi miwili au hata chini yake. Farasi pia hupimwa hivyo, lakini utumbo wake ni mwepesi kuchanika na teke lake linaweza kumvunja mtu mguu, na punda wa kienyeji ni mdogo kiasi kwamba mkono mnene haufai. Hapo ndipo damu, maziwa au mkojo vinapokuwa na thamani. Mwaka 1971 Laing na Heap nchini Uingereza walionyesha kwamba projesteroni ndani ya maziwa, ikipimwa wiki tatu baada ya ng'ombe kupandwa, humtambua asiyeshika kwa uhakika mkubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, likishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), lilizipatia maabara za nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, vifaa vya kupima projesteroni kwa mionzi hafifu. Kazi hiyo ilifanyika zaidi maabara kuliko shambani, lakini iliwafundisha wataalamu wengi kusoma mimba kwenye homoni.

Uhusiano wa farasi na ng'ombe hauishii kwenye elimu. Homoni ile ya vijikombe huvunwa kutoka kwenye damu ya farasi wenye mimba, katika nchi kama Argentina, Uruguay na Iceland, na hutumika duniani kote katika baadhi ya ratiba za kuwaingiza ng'ombe wengi kwenye joto kwa siku moja ili wahimilishwe pamoja. Uvunaji huo umelalamikiwa sana, kwa kuwa baadhi ya mashamba huwatoa majike damu nyingi na kuwatendea kikatili. Malalamiko hayo ni ya haki. Kila anayeitumia dawa hiyo anapaswa kujua inakotoka, na njia mbadala zisizohitaji damu ya farasi zinapaswa kupewa nafasi ya kwanza.

Farasi wenyewe wamerudi Arusha, kwa idadi ndogo. Chanjo dhidi ya ugonjwa wa farasi, iliyotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930 na R. A. Alexander kwa kuvipitisha virusi kwenye ubongo wa panya, imewawezesha kuishi. Wapo wa michezo na wapo wa kuwapandisha watalii katika mashamba ya chini ya mlima. Wachache huzalishwa huko, na kwa hao mimba changa huangaliwa kwa ultrasaundi, na kwa kipimo cha damu pale mashine isipofika. Hata punda milia wa Momella, sasa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, wangeweza kupimwa bila kuguswa. Jay Kirkpatrick na wenzake walithibitisha hilo katika miaka ya 1980 kwenye kisiwa cha Assateague, Marekani, walipotambua mimba za farasi wa mwituni kwa mkojo uliochotwa mchangani na kwa kinyesi kilichookotwa.

Punda ndiye aliyeachwa nyuma, na wakati huu kwa gharama kubwa. Mahitaji ya ngozi yake kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao yalifungua machinjio Shinyanga na Dodoma, na mengine Kenya kuanzia mwaka 2016. Wizi wa punda ukaongezeka pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Miongoni mwa waliochinjwa walikuwemo majike, na jike mwenye mimba ya miezi mitatu haonekani tofauti na mwingine anapopita mlango wa machinjio. Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Miaka 15 inatosha kujenga upya makundi yaliyopungua, iwapo majike watabeba mimba zao hadi mwisho. Jike mmoja huhitaji mwaka mzima kwa mtoto mmoja, na mtoto huyo hubeba mzigo wake wa kwanza baada ya miaka mitatu. Tengeru na Usa River wapo wataalamu wanaoijua homoni, na Arusha ipo maabara ya mifugo. Punda wa Oldonyosambu na Longido wawekwe kwenye huduma ileile anayopata ng'ombe wa maziwa: wapimwe kwa kipimo kilichopangwa kwa kiwango cha punda, na jike mwenye mimba apunguziwe mzigo tangu mwezi wa pili.